Namna biashara zinavyoweza kuwasaidia wakimbizi na waomba hifadhi

Kenya inawahifadhi zaidi ya wakimbizi na waomba hifadhi 800,000. Wengi wao walitoka Somalia, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia na Burundi. Sehemu kubwa huishi Dadaab katika Kaunti ya Garissa, na Kakuma na Kalobeyei katika Kaunti ya Turkana. Waliosalia wako Nairobi na katika miji mingine. Dadaab ilianzishwa mwaka 1991 na Kakuma mwaka 1992, hivyo leo kuna watu wazima wenye familia zao ambao walizaliwa kambini na hawajapata kuishi mahali pengine.

Kwa miaka hiyo yote, familia nyingi zimetegemea mgao wa chakula unaotolewa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Mgao huo umepunguzwa mara kadhaa kutokana na upungufu wa fedha za wafadhili, na katikati ya mwaka 2025 ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Familia isiyo na chanzo kingine cha mapato haina pa kuziba pengo hilo.

Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Kwa zaidi ya miongo mitatu, wakimbizi wengi nchini wamebaki wageni wasio na jembe: wana nguvu, ujuzi na hamu ya kufanya kazi, lakini hawana hati za kazi, akaunti ya benki wala mwajiri. Sheria sasa imefungua mlango huo. Kwa kiasi kikubwa, kinachosubiriwa ni uamuzi wa wenye biashara, wakubwa kwa wadogo.

Msaada wa nguo na chakula una nafasi yake wakati wa dharura, lakini huisha. Manufaa ya kudumu hupatikana pale mkimbizi anapoingia katika biashara ya kawaida akiwa mfanyakazi, muuzaji au mteja, kwa masharti yale yale yanayowahusu watu wengine. Zifuatazo ni njia za kufanya hivyo, hati zinazohitajika na makosa yanayopaswa kuepukwa.

Sheria inasema nini

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilianza kutumika tarehe 21 Februari 2022 na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2006. Kifungu cha 28 kinampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kuajiriwa, kufanya biashara peke yake au katika kikundi, na kufanya kazi ya taaluma au ufundi iwapo sifa zake zimetambuliwa na mamlaka husika nchini. Kifungu hicho pia kinataka mkimbizi awezeshwe kuchangia maendeleo ya kiuchumi na kijamii ya Kenya kwa kurahisishiwa upatikanaji wa hati zinazohitajika, katika serikali ya kitaifa na katika serikali za kaunti.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kwa upande wake, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi au mwombaji wa kazi kwa misingi ya rangi, lugha, dini, uraia au asili ya kabila, miongoni mwa mambo mengine. Mkimbizi mwenye kibali halali cha kufanya kazi analindwa na sheria hiyo sawa na wafanyakazi wengine, katika ujira, saa za kazi, likizo na utaratibu wa kuachishwa kazi.

Aidha, tarehe 28 Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi jumuishi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia shule, hospitali na masoko yale yale chini ya mifumo ya serikali. Mabadiliko hayo hayawezi kutekelezwa kwa bajeti ya serikali na fedha za wafadhili pekee. Makazi hugeuka kuwa mji pale tu panapokuwa na watu wanaozalisha, wanaouza, wanaonunua na wanaolipa kodi.

Tofauti kati ya mkimbizi na mwomba hifadhi

Maneno haya mawili hutumiwa kana kwamba ni jambo moja, ilhali kwa mwajiri tofauti yake ni muhimu. Mwomba hifadhi ni mtu aliyewasilisha ombi la kutambuliwa kuwa mkimbizi na bado anasubiri uamuzi. Mkimbizi ni yule ambaye ombi lake limekubaliwa. Wote wawili wana haki ya kulindwa dhidi ya kurudishwa kwa nguvu katika nchi ambako maisha au uhuru wao uko hatarini, na wote husajiliwa na Idara ya Huduma za Wakimbizi. Hata hivyo, haki ya ajira iliyotajwa katika kifungu cha 28 inamhusu mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa.

Kwa hiyo mwajiri anapaswa kwanza kuangalia hati aliyonayo mtu, ikiwa ni ya mwomba hifadhi au ni kitambulisho cha mkimbizi. Iwapo mtu bado ni mwomba hifadhi, biashara inaweza kumsaidia kwa njia nyingine wakati anaposubiri: kumpa nafasi katika mafunzo ya ufundi, lugha au kompyuta; kuchangia vifaa kwa vituo vya mafunzo; au kugharamia huduma za mashirika yanayotoa ushauri wa kisheria bila malipo. Kusubiri kunaweza kuchukua muda mrefu, na mtu anayetumia muda huo kujifunza huwa tayari kwa kazi siku hati yake inapotoka.

Kuajiri: hati na hatua

Waajiri wengi husema hawana pingamizi la kumwajiri mkimbizi, ila hawajui wala hawana uhakika kuhusu utaratibu. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa kumwajiri mtu asiye raia bila kibali ni kosa kisheria. Lakini utaratibu upo. Kibali cha kufanya kazi kilichotengewa wakimbizi ni cha daraja la M, na hakitozwi ada. Gharama kubwa ya kibali hicho ni muda na ufuatiliaji, na hapo ndipo mwajiri anapoweza kusaidia zaidi.

Uchukuliwe mfano wa mwenye karakana ya useremala mjini Lodwar anayetaka kumwajiri seremala anayeishi Kakuma. Hatua zake ni kama zifuatazo.

Kwanza, seremala awe na kitambulisho cha mkimbizi ambacho muda wake haujaisha. Ikiwa umekaribia kuisha, ahuishe mapema, kwa sababu hati nyingine zote hutegemea hiyo.

Pili, mwajiri aandike barua ya kazi inayotaja cheo, majukumu, mshahara na muda wa mkataba. Barua isiyo na maelezo haya huchelewesha ombi.

Tatu, seremala apate barua ya mapendekezo kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, kisha ombi la kibali cha daraja la M liwasilishwe kwa Idara ya Uhamiaji.

Nne, kwa kuwa Kakuma ni eneo lililotengwa kwa makazi ya wakimbizi, apate idhini ya kutoka na kuishi Lodwar kwa ajili ya kazi. Mkimbizi anayekutwa nje ya eneo lake bila idhini anaweza kukamatwa, hata kama ana barua ya mwajiri mfukoni.

Tano, apate namba ya utambulisho wa mlipa kodi kutoka Mamlaka ya Ushuru, KRA. Baada ya hapo makato ya kisheria, yakiwemo ya kodi ya mapato, hazina ya hifadhi ya jamii na bima ya afya, hufanywa kama kwa mfanyakazi mwingine.

Kampuni yenye idara ya rasilimali watu inaweza kumteua afisa mmoja kufuatilia maombi haya. Biashara ndogo isiyo na afisa kama huyo inaweza kutafuta msaada katika ofisi za Idara ya Huduma za Wakimbizi au kwa mashirika yanayoshirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Mwajiri anayemweleza mwombaji tu kwamba arudi akipata kibali hajamsaidia, kwani mkimbizi hawezi kuomba kibali bila barua ya mwajiri.

Kuna njia nyingine inayowahusu wale waliotoka katika nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria ya mwaka 2021 inawaruhusu, kwa hiari yao, kuacha hadhi ya ukimbizi ili wafaidi haki zinazotolewa na Mkataba wa Jumuiya hiyo. Uamuzi huo ni mzito, kwa sababu unamwondolea mhusika ulinzi wa kimataifa. Mwajiri hapaswi kumshinikiza mtu kuuchukua ili kujirahisishia utaratibu wa ajira.

Ujuzi usio na cheti

Mtu aliyekimbia vita mara nyingi huondoka bila vyeti vyake, na chuo alichosomea huenda kimefungwa au kuharibiwa. Muuguzi, fundi umeme au mwalimu mwenye uzoefu wa miaka mingi hujikuta akihesabiwa kuwa hana ujuzi wowote. Hasara hiyo inamgusa pia mwajiri anayelalamika kwamba hapati mafundi.

Kwa kazi za ufundi, suluhisho rahisi ni kumpima mtu kwa vitendo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hufanya mitihani ya ufundi katika fani kama useremala, uashi, ushonaji, umeme na umakanika, ambapo mtahiniwa huonyesha anachoweza kufanya na kupewa daraja linalotambulika kote nchini. Mwenye karakana anaweza kumlipia mkimbizi ada ya mtihani huo, kumpa zana za kujiandalia na kumruhusu kufanya mazoezi kwake. Kwa shahada na stashahada za nje, Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, KNQA, hushughulikia utambuzi na ulinganishaji wa vyeti. Taaluma zinazosimamiwa kwa sheria, kama udaktari na uuguzi, huhitaji pia usajili wa bodi husika.

Lugha haipaswi kudhaniwa kuwa kikwazo kabla ya kuulizwa. Wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo walikuja wakiwa wanazungumza Kiswahili, na baadhi ya wale wa Burundi pia. Wengi hujua Kifaransa, Kiarabu au Kisomali, lugha ambazo kampuni za usafirishaji, utalii na huduma kwa wateja huzihitaji.

Kuipeleka kazi waliko watu

Kwa kuwa wakimbizi wengi hawawezi kuondoka makazini bila idhini, baadhi ya biashara zimechagua kuipeleka kazi huko. Kazi za kidijitali ndizo zinazofaa zaidi kwa utaratibu huu: kunukuu sauti, kutafsiri, kuainisha picha na data, kubuni michoro na kutengeneza tovuti. Kituo cha Biashara cha Kimataifa kimekuwa kikiwafunza vijana wa Kakuma na Dadaab kazi hizi kwa kushirikiana na Baraza la Wakimbizi la Norway, na wahitimu wameweza kuwahudumia wateja walio mbali bila kuvuka lango la kambi.

Kampuni inayotaka kufanya hivyo inapaswa kujua mahitaji matatu ya msingi. La kwanza ni umeme na intaneti vya uhakika. Kuchangia paneli za jua, kompyuta au gharama za intaneti katika kituo cha mafunzo kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko hundi ya msaada. La pili ni njia ya malipo, kwa sababu baadhi ya majukwaa ya kazi za mtandaoni hukataa vitambulisho vya wakimbizi, hivyo ni vyema kuhakikisha mapema kwamba mfanyakazi anaweza kupokea ujira wake kupitia benki au simu. La tatu ni bei. Ujira wa kazi iliyofanywa Kakuma unapaswa kulingana na ubora wa kazi yenyewe. Anayelipa nusu kwa kuwa mfanyakazi hana pengine pa kwenda anamnyonya, hata kama ameuita mradi wake msaada.

Kununua kutoka kwa wakimbizi

Si kila biashara ina nafasi ya ajira, lakini kila biashara hununua. Ndani ya Kakuma na Kalobeyei kuna wauza jumla, mafundi cherehani, waokaji mikate, wenye migahawa, vinyozi na mafundi simu, wengi wao wakilipia leseni za serikali ya kaunti. Hoteli, shule, wakandarasi na mashirika yanayofanya kazi Turkana yanaweza kununua kwao sare, samani, mikate na huduma za upishi badala ya kuziagiza kutoka mbali. Ili jambo hilo liwezekane, zabuni ziandikwe kwa lugha rahisi, ukubwa wa oda ugawanywe ili mfanyabiashara mdogo aweze kuimudu, na malipo yafanywe kwa wakati. Fundi cherehani anayesubiri malipo ya sare kwa siku 90 hana mtaji wa kununua kitambaa kingine.

Kwa bidhaa za sanaa, UNHCR ina mpango unaoitwa MADE51, unaowaunganisha mafundi wakimbizi na kampuni za kijamii na wanunuzi wa kimataifa. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoshiriki.

Wapo pia wakimbizi waliokwisha kuwa wawekezaji. Mjini Kakuma, kampuni ya Okapi Green, iliyoanzishwa na mkimbizi kutoka Kongo, huuza umeme wa jua kwa nyumba na maduka. Biashara za aina hii huhitaji wabia, wauzaji wa vifaa kwa mkopo na washauri wa hesabu zaidi ya zinavyohitaji sadaka.

Historia ya Eastleigh jijini Nairobi inaonyesha mahali njia hii inapoweza kufika. Mapema miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Kisomali, wakiwemo waliokimbia vita, walianza kuuza bidhaa katika vyumba vya nyumba ya kulala wageni iliyojulikana kama Garissa Lodge. Vyumba vikageuka maduka, na leo mtaa huo una majumba makubwa ya biashara yanayowavutia wanunuzi wa jumla kutoka sehemu nyingi za nchi na nje yake.

Mkimbizi kama mteja

Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilichapisha utafiti uliolichunguza eneo la Kakuma kama soko. Ulibaini kwamba matumizi ya kaya katika eneo hilo yalifikia takriban dola milioni 56 za Marekani kwa mwaka, na kwamba kulikuwa na zaidi ya biashara 2,000 kambini. Utafiti huo ulifuatiwa na mfuko wa ushindani wa Kakuma na Kalobeyei, uliolenga kuvutia kampuni binafsi, biashara za kijamii na wajasiriamali wa hapo, wakimbizi kwa wenyeji.

Mfano wa awali ulikuwa wa simu. Kuanzia mwaka 2015, WFP ilianza kutoa sehemu ya mgao kwa fedha za kidijitali kupitia mtandao wa Safaricom, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula. Badala ya kupokea nafaka pekee, familia ziliweza kununua vyakula walivyovitaka katika maduka yaliyosajiliwa, na wafanyabiashara wakimbizi na wenyeji wakapata wateja wa uhakika. Huko Kalobeyei, kampuni ya Renewvia imejenga gridi ndogo ya umeme wa jua na huwauzia umeme wakimbizi na wenyeji pia. Benki ya Equity ina tawi mjini Kakuma.

Hata hivyo, mkimbizi bado hukutana na vikwazo pale anapotaka kufungua akaunti, kusajili laini ya simu au kukopa, hasa anapohudumiwa na karani asiyekitambua kitambulisho chake. Benki, kampuni za simu na vyama vya akiba na mikopo zinaweza kuondoa sehemu kubwa ya tatizo hili kwa kuwafunza wafanyakazi wa dirishani kutambua hati za wakimbizi, kuziingiza katika mifumo ya kompyuta, na kukubali dhamana isiyo ya hati ya ardhi, kama vile udhamini wa kikundi au kumbukumbu za mauzo ya duka. Mkimbizi hana hati ya ardhi ya kuweka rehani, na mkopo unaodai hati hiyo kwake ni sawa na kutokuwepo.

Tahadhari inahitajika katika mikopo ya dukani. Mgao unapopungua, familia nyingi huishi kwa kuandikiwa katika daftari la madeni. Imetokea wenye maduka wakashika laini za simu au kadi za wadaiwa kama dhamana, na msaada unapoingia huenda wote kwa mwenye duka kabla familia haijauona. Muuza jumla anayewauzia wenye maduka hao kwa masharti nafuu ya malipo huwapunguzia sababu ya kuwabana wateja wao, na anaweza kuweka sharti kwamba hati na laini za wateja zisishikwe.

Wenyeji wasiachwe nyuma

Turkana na Garissa ni miongoni mwa kaunti kame zenye umaskini mkubwa nchini. Mwenyeji ambaye ng'ombe na mbuzi wake wamekufa kwa ukame, na ambaye haoni ajira kwa mwanawe, ana haki ya kuuliza kwa nini kampuni inakuja kumwajiri mgeni. Biashara isiyo na jibu la swali hilo huchochea chuki inayowarudia wakimbizi wenyewe.

Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba maslahi ya pande hizi mbili hayapingani. Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kwamba uwepo wa wakimbizi uliongeza pato la eneo la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3. Wenyeji huuza mifugo, kuni na makaa kwa wakimbizi na kupata kwao bidhaa za dukani. Makazi ya Kalobeyei yenyewe yalipangwa tangu mwanzo yawahudumie wakimbizi na wenyeji kwa pamoja, katika ardhi iliyotolewa na jamii ya Waturkana.

Kampuni inayoingia katika maeneo haya inashauriwa kutangaza nafasi za kazi kwa jamii zote mbili, kuwalipa watu wote kiwango kimoja kwa kazi moja, na kuwashirikisha wazee, viongozi wa makazi na serikali ya kaunti kabla ya kuanza shughuli. Vikundi vya akiba na ubia wa biashara unaowaunganisha mkimbizi na mwenyeji hupunguza ushindani usio na maana na huwapa wote sababu ya kulinda kilichojengwa.

Makosa ya kuepukwa

Baadhi ya makosa hufanywa kwa nia njema, lakini madhara yake ni makubwa.

Mwajiri asiwasiliane na ubalozi au ofisi ya serikali ya nchi aliyotoka mkimbizi ili kuthibitisha vyeti au historia yake. Mtu aliyeikimbia serikali hiyo, au ambaye ndugu zake wamebaki huko, anaweza kuwekwa hatarini kwa barua pepe moja. Uthibitisho wowote upitie Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Asimwulize mfanyakazi habari za mateso aliyopitia au sababu za kukimbia. Maelezo hayo ni ya siri na hayana uhusiano na uwezo wake wa kazi. Taarifa za hadhi yake zihifadhiwe kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na zisisambazwe kwa wafanyakazi wenzake.

Picha na jina la mkimbizi zisitumiwe katika matangazo ya kampuni bila ridhaa yake ya wazi, inayotolewa akiwa anajua kwamba kukataa hakutamgharimu kazi.

Vitambulisho halisi visishikwe na mwajiri. Nakala inatosha. Mfanyakazi akikutana na polisi bila kitambulisho, atakayelala kituoni ni yeye.

Ajira isiuzwe kwa fedha wala kwa ngono. Mtu ambaye hana ndugu wa kumtetea ni rahisi kuonewa, kwa hiyo kampuni iweke njia ya siri ya kuwasilisha malalamiko, kwa lugha anayoielewa mfanyakazi.

Mwisho, biashara isianzishe mradi isiokusudia kuuendeleza. Mafunzo ya wiki mbili yanayoishia kwa picha ya pamoja na cheti kisichotambuliwa huwaacha vijana wakiwa wamekata tamaa kuliko walivyokuwa.

Pa kuanzia

Biashara ndogo haihitaji mpango mkubwa. Mwenye hoteli mjini Lodwar anaweza kuanza kwa kununua mikate kutoka kwa mwokaji mmoja wa Kakuma. Mwenye karakana Nairobi anaweza kumpokea mwanafunzi mmoja wa ufundi, na benki kuanza kwa kuwafunza makarani wa tawi moja. Kampuni kubwa zinazotaka kubadilishana uzoefu zinaweza kujiunga na mitandao kama Tent Partnership for Refugees, ulioanzishwa mwaka 2016 na Hamdi Ulukaya, mwanzilishi wa kampuni ya maziwa ya Chobani ya Marekani, ambao huzishauri kampuni kuhusu ajira na mafunzo kwa wakimbizi.

Kwa maswali ya hadhi, vitambulisho na idhini ya kusafiri, mwajiri afike katika ofisi za Idara ya Huduma za Wakimbizi jijini Nairobi, Kakuma au Dadaab. Kwa vibali vya kazi, aende Idara ya Uhamiaji. Kwa leseni za biashara, serikali ya kaunti husika. Na kwa mitihani ya ufundi, ofisi za NITA. Inafaa kuandaa barua ya kazi kabla ya kufika katika ofisi hizo, kwa kuwa ndiyo hati ambayo mkimbizi hawezi kujitafutia mwenyewe, na bila hiyo ombi la kibali haliwezi kuanza.